Khitma ya Shangazi Zeyana

Mie nimepata kumsomea khitma mtu ambaye hajapata kuzaliwa. Nikatandika mikeka chumba kizima, nikawaita wanawake wa Mkunazini, tukagawana juzuu, nikatoa kahawa na halua, na nikalia. Tena si kulia kwa adabu, kwa msiba wa mwenzangu. Nililia mpaka makamasi. Kwa hivyo nikisema nna hasira, asinambie mtu nisubiri. Nshasubiri vya kutosha.

Aliyenisomesha khitma hiyo ni Bi Bahiya binti Darwesh, msinga maharusi. Miaka ile hapa mjini, mtu akitaka kumwoza mwanawe, kwanza anauliza kama Bi Bahiya ana nafasi, ndipo anauliza bei ya mchele. Siku saba kabla ya harusi ndiye aliyeingia na kikapu chake cha liwa, mawaridi makavu, karafuu za kusaga na dalia, akamsinga mwari kutoka kisogoni mpaka vidole vya miguu. Siku ya saba mtoto wa watu anatoka ananawiri, ananukia mpaka nyumba ya tatu. Bi Bahiya alikuwa Mwarabu wa Malindi, mtaa wa hapa hapa mjini. Mumewe alikwenda zake Maskati mwaka sitini na nne, wiki chache baada ya Mapinduzi, akasema akifika atamwita. Hakumwita. Nyumba ikachukuliwa, akapata vyumba viwili vya ghorofani Mkunazini, na kazi aliyokuwa akiwafanyia jamaa zake kwa mapenzi ikawa ndiyo inayompa chakula.

Mie naitwa Mwanakheri binti Usi, kwetu Makunduchi. Niliolewa mjini, nikaachwa mjini, na badala ya kurudi shamba na talaka yangu, Bi Bahiya akanichukua nimsaidie. Sitamnyima haki yake: alinifunza kazi. Alinifunza kusaga liwa isiwe na chenga, kupaka piko, ile rangi nyeusi ya maua ya mikononi, isimwagike, na zaidi ya yote alinifunza kukanda uso. Unaanza kidevuni kwa vidole viwili viwili, unakwenda masikioni, unapandisha tu, hushushi hata mara moja. "Ngozi inasikia inavyofunzwa," alikuwa akinambia. Nikaamini. Mie nikimpenda mtu namwamini na upuuzi wake.

Sasa uso wa msinga maharusi ndio kibao cha duka lake. Na uso wa Bi Bahiya, alipofika miaka arubaini na nane, ulianza kumwangusha. Mashavu yaliteremka yakafanya vifuko pembeni mwa kidevu, na shingoni zikatokeza kano mbili kutoka kidevu mpaka kifua. Hakuna ajabu, ndio utu uzima. Lakini siku moja Vuga, mbele ya kadamnasi ya wanawake, mama wa bi harusi akamtazama juu chini akasema, "Bi Bahiya, singo yako mbona haikushiki mwenyewe?" Watu wakacheka. Na yeye akacheka, akaendelea kusaga. Tuliporudi nyumbani alikaa mbele ya kioo akayavuta mashavu yake kwa viganja kuelekea masikioni, akayaachia, akayavuta tena. Nikamwambia aache, chai inapoa.

Tangu hapo ndipo nilipoanza kumsikia shangazi Zeyana. Miaka miwili nilikuwa nikiingia na kutoka mle ndani na sijapata kulisikia jina hilo. Mara shangazi Zeyana wa Mombasa ndiye aliyemlea. Mara shangazi Zeyana ana paka mweupe anayekula naye sahani moja. Mara shangazi mgonjwa, mara amepata nafuu, mara hali mbaya. Miezi mitatu alimuuguza yule mwanamke mdomoni mwake, nami kila asubuhi nikiingia namuuliza, "Shangazi vipi?" Mpaka nikawa namwombea dua.

Mwezi wa Juni mwaka sitini na saba nikamkuta amekaa chini kwenye mkeka, amejifunika kanga. Shangazi amefariki. Siku zile kutoka Unguja kulitaka ruhusa, na ruhusa ilitaka sababu, na sababu ilitaka shahidi. Nikafuatana naye kwenye tawi la chama kwa mwenyekiti wetu, Mzee Mkadam, mtu mpole anayepiga chafya kila akifungua daftari.

"Unamjua marehemu?" akaniuliza.

"Namjua," nikasema. Sikuona kama nasema uongo. Nilimjua mpaka paka wake.

Siku ya kuondoka alinishika mikono yote miwili. Alisema atakaa mpaka arubaini ya shangazi, maana marehemu hakuacha mtoto. Na alikuwa ameshakubali maharusi wawili, mmoja Kikwajuni, mmoja Vuga kwa wale wale waliomcheka. "Usiniachie maharusi wangu, Mwanakheri. Hata iweje. Nikiharibikiwa hapa sina pengine pa kwenda." Nikamwambia aende kwa amani. Ijumaa ile ndiyo nikasoma hiyo khitma.

Jumapili akaja kaka yangu Silima na gari la shamba. Alinikuta Kikwajuni, mikono yangu ya manjano kwa dalia, akaniita nje. Mama yetu, Bi Mize, alikuwa ana homa siku ya tatu, sasa hali chakula. "Anakuuliza," Silima akasema. "Twende."

Nilitaka kwenda. Wallahi nilitaka. Lakini nilifanya hesabu yangu ya kijinga: Bi Bahiya amefiwa, mie nna mgonjwa tu, aliyefiwa ndiye wa kusaidiwa kwanza. Yule mwari wa Kikwajuni alikuwa ameingia siku ya tano, na msinga akimkatisha mwari katikati watu hapa mjini huona ni nuksi, watasema mpaka wajukuu zao. Na wa Vuga, niliyekuwa nikimsinga jioni, aliningoja hina Jumatano. Nikamwambia Silima, "Mwambie mama nakuja Alkhamisi, nikishamtia hina huyu wa Vuga." Silima si mtu wa maneno. Alitazama mikono yangu akarudi kwenye gari.

Jumanne wakati wa alasiri mama alifariki. Wakamzika Jumatano asubuhi. Salamu zilinifika mchana, zimeletwa na utingo wa gari, nami nikafika Makunduchi magharibi, kaburi limeshafunikwa, wanawake wameshamaliza hata kuosha vyombo. Mama mdogo alinikalisha akanisimulia, si kwa ubaya, kwa vile nilimuuliza. Kila mlango ukilia mama alikuwa akiuliza, "Mwanakheri huyo?" Wakamwambia bado. Mwisho, mama mdogo akanambia, wakaacha mlango wazi usilie.

Nikalibeba hilo. Nikajiambia nilikuwa katika kheri, nilikuwa nimemsitiri mwenzangu aliyefiwa, na Mungu anajua. Ndilo lililonifanya nilale usingizi.

Bi Bahiya alirudi zimepita siku arubaini na tano. Nikampokea bandarini na karibu nisimjue. Uso umevimba, chini ya taya kuna umanjano, macho membamba, na shela amejifunga kichwa kizima mpaka kidevuni kama aliyeumwa na jino. Nikasema, masikini, huyu amelia. "Umelia mno, Bi Bahiya," nikamwambia, "utajitia maradhi." Akatikisa kichwa taratibu. Nilipomwambia habari ya mama yangu akatokwa na machozi ya kweli, akanikumbatia. Nakumbuka alinikumbatia kwa upande, shavu lake hakuligusisha na langu. Jioni nikamchemshia maji ya waridi, nikamkanda macho kwa kitambaa. Kila nikikaribia sikio anauzuia mkono wangu. Kisha akanambia kaweka nadhiri kwa ajili ya shangazi: kichwa chake hakishikwi na mtu tena, atajichana mwenyewe. Mie niliyekuwa nikimsuka kila wiki. Nikaiheshimu nadhiri.

Baada ya miezi miwili uvimbe ulikwisha, na hapo mji ukapigwa na butwaa. Vifuko vimetoweka. Shingo imekaa, kano hazionekani. Mwanamke amerudi miaka kumi na tano nyuma. Wanawake wakamuuliza, naye akajibu kwa upole, "Msiba umenikondesha, na singo imenisaidia." Nami nikiwa pembeni nikatia muhuri: nawaapia, ni mkono wake, ni kupandisha, mie nimeona kwa macho yangu. Watu walikuja kutoka Bububu, walikuja kutoka Mwanakwerekwe, mpaka yule mama wa Vuga akaja na bintiye mwengine. Na mie kila asubuhi kwa miaka mitano niliukanda uso wangu kidevuni kwenda masikioni, na kila mwaka ukawa unashuka kama kawaida yake. Nikadhani mkono wangu hauna baraka, na nilijua kwa nini hauna.

Mwaka sabini na mbili Bi Bahiya aliteleza ngazini, akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Wakamfunga plasta. Wiki ya kwanza akajitahidi kujichana kwa kushoto, wiki ya pili nywele zikashikamana, akashindwa. Asubuhi moja akaniita, "Mwanakheri."

"Naam."

"Njoo unisuke. Nadhiri hii Mungu ataniwia radhi."

Nikakaa juu ya kiti, yeye chini baina ya magoti yangu, nikachukua mafuta ya nazi, nikaligawa fungu la kwanza juu ya sikio la kushoto. Pakawa na ukanda mwembamba usioota nywele. Nikafuata kwa kidole. Kovu jembamba, jeupe, limetoka ndani ya nywele, limeshuka mbele ya sikio pale kwenye kifinyo, limezunguka ndewe, limepanda nyuma ya sikio likaingia kwenye nywele za kisogo. Na ndewe yenyewe haikuning'inia, imegandana na shavu. Mie nashika nyuso za watu kazi yangu yote, na hilo la ndewe nililiona miaka mitano bila kuliona.

Mnajua nilidhani nini? Nilidhani ni mambo ya mwaka sitini na nne. Nilidhani mtu alimshika kwa nywele akampitishia kisu, naye kaficha kwa haya. Machozi yakanijia. Nikamshika mabega kwa nyuma nikamwambia, "Bi Bahiya, kwa nini hukunambia? Miaka yote hii unabeba peke yako?" Aliniacha nikalia. Nilipomaliza kujipangusa nikaligawa fungu la kulia, na kovu lilikuwapo vile vile, urefu ule ule, mzunguko ule ule. Kisu cha mtu mwenye hasira hakikati sawasawa pande zote mbili.

"Nani aliyekushona?" nikamuuliza.

Akashusha pumzi. "Daktari," akasema. "Mzungu mmoja, Nairobi. Binamu yangu alikuwa akifanya kazi kwake."

Na akishaanza, hakujua kunyamaza. Nadhani miaka mitano alikuwa akitamani mtu wa kumsimulia, maana alisimulia kwa fahari, kama anayesimulia hija. Daktari alimchora kwanza kwa wino, huku amekaa wima, kwa sababu uso ukilala huongopa. Akamchoma sindano za ganzi pande zote mbili. Alikuwa macho, akisikia mkasi ndani ya sikio lake. Daktari akikata hapa kwenye nywele, anashuka, anazunguka sikio, anapanda nyuma. Kisha anaitenga ngozi na nyama, polepole, mpaka katikati ya shavu na chini mpaka shingoni. Ikishaachana anaivuta kwenda juu na nyuma, inayozidi anaikata, anashona kwa uzi mwembamba kuliko nywele. Chini ya kidevu alipasua padogo, akazikutanisha zile kano mbili za shingo, akazishona pamoja katikati. Akamwekea mirija midogo ya kutolea damu, akamfunga bendeji kichwa kizima, amebaki macho na mdomo. Siku ya kumi wakamaliza kutoa nyuzi. "Ndewe hizi mpaka leo hazina hisia," akanambia. "Nichome sindano hapa, sitasikia."

"Nairobi," nikasema. "Na Mombasa?"

"Mombasa nilipita."

"Na arubaini ya shangazi?"

"Daktari alisema uvimbe utataka wiki sita. Nikahesabu nikaona arubaini inatosha."

Alisema hivyo, kwa sauti ya mtu anayeeleza jinsi alivyokata kitambaa. Mikono yangu ilikuwa bado imo kichwani mwake, na mafuta yananidondoka mpaka kiwikoni. Nikamuuliza, ingawa nilikwishajua, "Shangazi Zeyana alizikwa wapi?"

"Mwanakheri, hakuwako shangazi. Ningesema nini tawini? Kwamba nakwenda kukazwa uso?"

Nilimwona mama yangu kitandani Makunduchi anageuza kichwa mlangoni. Nilimwona Silima anatazama mikono yangu ya manjano. Mtu anaweza kusamehe kudanganywa. Mie nimedanganywa na mume, nikasamehe, nikamtumia na mashuka yake. Lakini huyu aliketi na mie, akayashika machozi yangu ya mama kwa kiganja chake, akanambia, "Tumefiwa sote, mdogo wangu." Sote. Huyo sote ni nani? Nilikuwa nimefiwa peke yangu.

"Ungenambia mimi tu," nikamwambia. "Ningekwenda tawini nikaongopa vile vile, na ningekusitiri. Lakini ningejua kwamba hapana maiti. Silima alipokuja ningekwenda."

"Nilijua utanihukumu."

"Ulijua nitakwenda kwa mama yangu?"

"Mama yako hakuwa mgonjwa mie nilipoondoka," akasema. "Hilo usinitie mie." Na ni kweli hakuwa mgonjwa, na kweli ile ikanikera kuliko uongo wote.

Nikaanza kusuka, maana mikono yangu ikikaa bure ningempiga. Nikasuka upande wa kushoto wote. Nikadhani anatafuta namna ya kuniomba radhi, maana alijikohoza mara mbili tatu. Kisha akainua kidevu akanielekezea kwa mkono wake mzima.

"Tazama," akasema. "Pameanza kushuka tena. Daktari aliniambia. Mashavuni alivuta ngozi tu, na ngozi peke yake haikai, nyama iliyo chini yake inaendelea kwenda zake. Miaka saba, minane, akasema, wengine mitano. Binamu ameniandikia, sasa yuko daktari mwengine anashika na nyama ya chini, anaipandisha na kuishona mahala pake, kisha ndio analaza ngozi juu. Huyo kazi yake inadumu."

Hilo la nyama ya chini ningemwambia mie mwaka ule wa sitini na saba, bila kwenda Nairobi. Uzito wa uso haumo ngozini.

"Nitapona mkono mwezi ujao," akasema. "Maharusi wa mwezi wa nane ni watatu, nao unawaweza. Nataka ufuatane nami kwa Mzee Mkadam."

Nilisimamisha kitana. "Nani amekufa safari hii?"

"Mjomba Thuwaini," akajibu upesi, maana alikwishamtayarisha. "Bado hajafa. Anaumwa figo."

Nikauweka mkebe wa mafuta chini. Nikajipangusa mikono kwa kanga yake, si yangu. Nusu ya kichwa chake imesukwa, nusu imesimama.

"Usimuue mjomba," nikamwambia. "Nenda kwa Mzee Mkadam kamwambie unakwenda kumzika Bi Mize wa Makunduchi. Yule alikufa kweli, na mwanawe hakuwepo. Ushahidi huo nitautoa, tena nitautoa kwa kiapo."

Alinigeukia na ule uso wake wa kununua, na nikaona hajaudhika wala hajaona haya. Alikuwa akifikiri. Aliyapima maneno yangu kama shauri la kweli, akakunja paji, pale ambapo daktari hakupagusa.

"Lakini Mwanakheri," akasema, "kwenda Makunduchi hakutaki ruhusa."

Nikaenda mpaka mlangoni nikasimama, maana ndivyo ilivyo. Hakutaki ruhusa. Wiki ile ya mama gari la Makunduchi lilikuwa likiondoka Darajani kila siku saa saba mchana, na hakuna aliyenishika.